Mbunge Akihama, Kura Inabaki kwa Nani?

Desemba 2, 2017 wapigakura wa Kinondoni, Dar es Salaam, walipata habari kwamba jimbo lao halina mbunge. Mbunge wao hakuwa amefariki dunia, hakuwa amefungwa, wala Mahakama haikuwa imetengua ushindi wake. Maulid Mtulia, waliyemchagua Oktoba 2015 kwa tiketi ya CUF, alikuwa amejiuzulu na kukihama chama chake, akisema anaunga mkono juhudi za Rais John Magufuli. Haukupita muda mrefu CCM ikamteua agombee jimbo lile lile aliloliacha. Uchaguzi mdogo ulifanyika Februari 17, 2018; akatangazwa mshindi, akarudi bungeni kuapa upya.

Hesabu za Kinondoni zinastahili kutazamwa kwa utulivu. Mwaka 2015 Mtulia alipata zaidi ya kura 70,000, na hazikuwa za CUF peke yake. Ule ulikuwa mwaka wa UKAWA, umoja wa CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, vyama vilivyoachiana majimbo ili upinzani uwe na mgombea mmoja. Mwana-CHADEMA wa Mwananyamala au Tandale alimpigia kura mtu wa CUF kwa sababu viongozi wake walimwomba afanye hivyo. Katika uchaguzi mdogo, Mtulia wa CCM alipata kura zaidi kidogo ya 30,000. Hata tukichukulia kwamba kila aliyempigia mwaka 2018 alikuwa amempigia pia mwaka 2015, jambo ambalo haliwezekani maana CCM ilikuwa na wapigakura wake, bado watu wapatao 40,000 waliomwamini mara ya kwanza hawakuwa naye mara ya pili. Ubunge aliupata tena, lakini wengi wa waliompeleka bungeni alikuwa amewaacha njiani.

Uchaguzi huo uligharimu uhai pia. Siku moja kabla ya kupiga kura, polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA waliokwenda kudai viapo vya mawakala wao, risasi ilimuua mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa ndani ya daladala. Hakuwa mgombea, hakuwa wakala, hakuwa mwandamanaji. Na uchaguzi uliomkuta njiani haukuletwa na msiba wala hukumu. Uliletwa na uamuzi wa mtu mmoja kuhama chama.

Kinondoni haikuwa peke yake. Siku ile ile ya Februari 17 Dk. Godwin Mollel, aliyekuwa ameiacha CHADEMA, alichaguliwa tena Siha akiwa mgombea wa CCM. Septemba 2018 ikawa zamu ya Mwita Waitara huko Ukonga na Julius Kalanga huko Monduli. Zikafuata Liwale, Serengeti, Simanjiro, Babati Mjini, Ukerewe na Temeke. Mtindo ulikuwa mmoja: mbunge wa upinzani anajiuzulu, anapokewa CCM, anateuliwa kugombea alikotoka. Katika baadhi ya majimbo hayo hata kampeni hazikuwapo, kwa kuwa mgombea wa CCM alitangazwa kupita bila kupingwa. Huko mwananchi alimpoteza mbunge aliyemchagua, akapewa mbunge yule yule akiwa na kadi nyingine, bila kushika karatasi ya kura.

Njia hiyo ilipitiwa kutoka upande wa pili pia, ingawa na wachache. Lazaro Nyalandu, aliyewahi kuwa Waziri wa Maliasili na Utalii, aliacha ubunge wa Singida Kaskazini na uanachama wa CCM Oktoba 2017, akaenda CHADEMA. Uchaguzi mdogo wa Januari 2018 CHADEMA iliususia. Aprili 2021 Nyalandu alirudi CCM.

Mwananchi wa kawaida akisikia habari hizi hukimbilia neno moja: wamenunuliwa. Tuhuma hizo zilifika mbali. Oktoba 2017 wabunge wa CHADEMA wa Arusha, Godbless Lema na Joshua Nassari, walipeleka TAKUKURU rekodi walizodai zinaonyesha madiwani wa chama chao wakishawishiwa kujiuzulu kwa ahadi. Mwezi uliofuata ulifanyika uchaguzi mdogo katika kata 43, baadhi zikiwa wazi kwa sababu madiwani wake walihama, na CCM ilichukua 42. Miaka minne baadaye Nassari mwenyewe alikuwa mwana-CCM na Mkuu wa Wilaya ya Bunda. Ni vigumu kumlaumu mkazi wa Arumeru Mashariki, jimbo alilokuwa nalo Nassari, anayesema sasa kwamba hajui amwamini nani.

Lakini mjadala ukiishia kwenye swali la nani alipewa nini, unakosa sehemu yake kubwa. Hongo ikithibitika ni jinai, na jinai ina sheria zake. Tatizo la kuhama kwa wabunge lingekuwapo hata kama kila aliyehama aliongozwa na dhamiri safi, kwa sababu linaanzia kwenye namna kura ya Mtanzania ilivyofungwa.

Ibara ya 67 ya Katiba ya mwaka 1977 inataka anayegombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, ubunge wake unakoma. Kwa hiyo kiti, kisheria, kimefungwa kwenye kadi ya chama. Na kura moja anayopigiwa mbunge inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: inampeleka mtu bungeni, inaingia kwenye hesabu ya viti maalumu vya wanawake ambavyo vyama hugawiwa kwa uwiano wa kura za ubunge, na inahesabiwa katika ruzuku ambayo chama hulipwa na Serikali. Mbunge anapohama, kazi ya kwanza inavunjika na mbili zinabaki na chama cha awali. Mpigakura aliyeweka alama moja tu kwenye karatasi anajikuta sehemu ya kura yake iko chama hiki na mtu aliyempigia yuko chama kile. Hakuna mahali popote katika mpango huo anapoulizwa yeye alikusudia nini.

Waliohama kati ya mwaka 2017 na 2018 walikuwa na jibu lao, na jibu lenyewe lina mvuto. Walisema wananchi wanataka maji, barabara na zahanati, na kwamba kazi hizo zinafanywa na Serikali iliyopo madarakani. Mama anayeamka saa tisa usiku kufuata maji hana haja na malumbano ya bungeni. Ni kweli kabisa. Ila fedha za maji hazitoki kwenye mfuko wa chama. Zinatoka kwenye kodi, na bajeti inapitishwa na Bunge zima. Hata Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, hugawanywa kwa vigezo kama idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo, na rangi ya bendera ya mbunge haimo. Kama kweli maji yanachelewa kufika mahali mpaka mbunge abadili kadi, kosa ni la anayeyagawa, na mbunge aliyeliona kosa hilo alipaswa kulisema mbele ya Bunge badala ya kuligeuza kuwa sababu ya kuondoka.

Upo uhamaji wa aina nyingine, na haki yake ni lazima itajwe. Augustino Mrema, aliyewahi kuwa naibu waziri mkuu, alipoondoka CCM mwaka 1995 na kujiunga na NCCR-Mageuzi, aliacha chama tawala na kwenda mahali pasipokuwa na gari wala ulinzi, kisha akasimama mbele ya nchi nzima kuomba kura za urais. Alipata karibu asilimia 28. Miezi ilikuwa michache, lakini wapigakura walijua wanamchagua nani na anatoka wapi.

Mfano ulio bora zaidi ni wa Zanzibar. Machi 18, 2019, siku Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi uliompa ushindi Profesa Ibrahim Lipumba katika mgogoro wa uongozi wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa upande ulioshindwa, alitangaza kwamba yeye na wenzake wanakwenda ACT-Wazalendo. Wito wao ulikuwa “Shusha tanga, pandisha tanga.” Unguja na Pemba matawi yalibadilishwa rangi kwa siku chache, bendera zikashushwa nyingine zikapandishwa, na waliofanya kazi hiyo walikuwa wanachama wenyewe. Wabunge wengi waliokuwa upande wa Maalim Seif, hata hivyo, walibaki CUF kwa jina hadi Bunge lilipomaliza muda wake mwaka 2020, kwa kuwa kuhama kungewapotezea viti. Wengi wanaitaja subira hiyo kama woga. Inaweza kusomwa vingine: walimaliza muhula walioombea kura, ndipo wakarudi kwa wananchi na chama kipya. Tofauti ya Maalim Seif na Mtulia haiko kwenye chama alichokwenda kila mmoja. Iko kwenye swali la nani alitangulia kuondoka, mwanasiasa au watu wake.

Halafu lipo suala la Edward Lowassa, ambalo upinzani haujawahi kulijibu vizuri. Septemba 2007, kwenye viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, viongozi wa upinzani walisoma orodha ya watu waliowatuhumu kwa ufisadi, na jina la Lowassa lilikuwamo. Februari 2008 alijiuzulu uwaziri mkuu kwa kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond. Julai 2015 CCM ilikata jina lake Dodoma, na Julai 28 akapokewa CHADEMA. Chama kilichotembea nchi nzima kwa miaka minane kikiwafundisha wananchi kumkataa kiliwaomba, kwa muda usiofika miezi mitatu, wamchague awe Rais. Dk. Willibrod Slaa, Katibu Mkuu, aliondoka kwa sababu hiyo. Profesa Lipumba naye akaachia uenyekiti wa CUF. Lowassa alipata zaidi ya kura milioni 6, karibu asilimia 40, kiasi ambacho hakuna mgombea wa upinzani aliyewahi kukifikia. Machi 1, 2019 alirudi CCM.

Wapo wanaosema kura zile zilithibitisha kwamba uamuzi ulikuwa sahihi. Kwa hesabu ya siku ya uchaguzi, huenda. Lakini CHADEMA ilipowalaumu wabunge wake kwa usaliti miaka miwili baadaye, ilikuwa tayari imewafundisha wapigakura kwamba kauli ya chama kuhusu mtu inaweza kugeuzwa usiku mmoja bila maelezo ya kutosha. Chama kinachompokea mhamaji kinabeba deni kwa wananchi sawasawa na mhamaji mwenyewe. Deni hilo hulipwa kwa maelezo: kilichosemwa jana kilikuwa uongo, au aliyekuwa akisemwa amebadilika, na ushahidi ni huu. Mwaka 2015 maelezo hayo hayakutolewa.

Vyama vingine vimeweka uzio. Luhaga Mpina alipokosa uteuzi CCM na kuingia ACT-Wazalendo Agosti 2025, kisha akasimamishwa mara moja kugombea urais, muda wake wa uanachama ndio uliotumika kumwekea pingamizi, na jina lake halikufika kwenye karatasi ya kura. Kanuni ya kumtaka mgombea akae chamani kwa muda kabla ya kupeperusha bendera ni nzuri. Inakuwa mbaya inapotazamwa kwa mhamaji mmoja na kufumbiwa macho kwa mwingine.

Na hapo ndipo sheria zetu zinapowaumiza wapigakura zaidi: zinatembea kwa mwendo tofauti kutegemea ni nani anayeumia. Julai 2017, katika mgogoro ule wa uongozi wa CUF, upande wa Profesa Lipumba uliwavua uanachama wabunge wanane wa viti maalumu wa CUF. Spika Job Ndugai alitangaza haraka kwamba viti vyao viko wazi, na wengine wanane wakateuliwa kuvijaza. Novemba 2020 CHADEMA iliwafukuza wanachama wake 19, akiwamo Halima Mdee, walioapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu bila baraka za chama. Hao walikaa bungeni karibu muhula mzima, shauri lao likizunguka mahakamani. Ibara ni ile ile ya 71. Anayetaka kujua kwa nini wananchi wengi wameacha kuamini kwamba kura yao inalindwa na sheria aanzie hapo.

Kenya iliionja hali hiyo zamani. Novemba 1964 KADU ya Ronald Ngala na Daniel arap Moi ilijivunja, wabunge wake wakaingia KANU, na hakuna mpigakura aliyeulizwa. Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga alitoka KANU na kuongoza KPU. Mwezi huo huo Katiba ilibadilishwa ili waliohama warudi kwa wananchi. Juni mwaka huo viti 29 viligombewa na KPU ikaambulia 9. Sheria ya kuwarudia wananchi ilikuwa ya haki, ila ilizaliwa pale tu watu walipoanza kutoka chama tawala badala ya kuingia.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inamwondolea kiti mbunge anayejitoa chamani. Pamoja na hayo, baada ya uchaguzi wa Agosti 2022 muungano wa Azimio ulikuwa na wabunge 171 na ule wa Kenya Kwanza 165, kisha 14 wa vyama vidogo vya Azimio wakaegemea upande wa Rais William Ruto bila kurudisha kadi, na Spika Moses Wetang'ula akatangaza Kenya Kwanza kuwa upande wa wengi kwa 179 dhidi ya 157. Mahakama Kuu ilisema Februari 2025 kwamba Spika alikiuka Katiba. Karibu nusu ya muhula ilikuwa imekwisha.

Wakenya wana kitu kimoja ambacho Mtanzania hana, nacho ni mgombea binafsi. Hapa Tanzania Mchungaji Christopher Mtikila alikipigania tangu mwaka 1993. Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba kuuzima. Akashinda tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema Tanzania imekiuka haki ya wananchi wake kushiriki katika utawala. Mtikila amefariki, na mlango bado umefungwa. Athari yake kwa uhamaji ni ya moja kwa moja. Mbunge anayekorofishana na chama chake hana pa kusimama katikati; ama ainamishe kichwa, ama atafute kadi nyingine. Tunawalaumu wanasiasa kwa kurukaruka huku tumewajengea nyumba isiyo na ukumbi, yenye vyumba tu.

Mwendo haujapungua. Mgombea wa CHADEMA aliyeshindana na Mtulia mwaka 2018 alikuwa Salum Mwalimu. Mei 2025, baada ya mpasuko uliofuata uchaguzi wa ndani wa CHADEMA, Mwalimu na wenzake waliingia CHAUMMA, na Oktoba mwaka huo alikuwa mgombea urais wa chama hicho, katika uchaguzi ambao CHADEMA haikuwamo. Mtulia naye hakudumu, maana mwaka 2020 CCM ilimsimamisha Abbas Tarimba Kinondoni. Hata hivyo walioondoka na Mwalimu hawakuwa na majimbo ya kuacha wazi, na walikwenda kuomba kura upya. Hilo ni lazima lihesabiwe kwa upande wao.

Dawa imekwishaandikwa, na iliandikwa na Watanzania. Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi kukusanya maoni, na rasimu yake ya Juni 2013 ilipendekeza mgombea binafsi aruhusiwe, wananchi wawe na haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya muhula kwisha, na uchaguzi mdogo ufutwe, kiti kinachobaki wazi kijazwe na mtu wa chama kile kile kilichokishinda. Soma pendekezo hilo la mwisho ukiikumbuka Kinondoni: aliyehama angekwenda na kadi yake, kiti kingebaki na waliokichagua, na Februari 17, 2018 isingekuwa siku ya kupiga kura. Bunge Maalumu la mwaka 2014 liliondoa haki ya kumwondoa mbunge, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 30, 2015 iliahirishwa na haijafanyika hadi leo.

Si lazima kusubiri Katiba mpya ili kuanza. Marekebisho madogo ya sheria ya uchaguzi yanatosha kusema kwamba mbunge au diwani aliyeacha kiti kwa hiari yake haruhusiwi kugombea kiti hicho hicho mpaka uchaguzi mkuu unaofuata. Anayehama kwa dhamiri hatapoteza kitu, kwa kuwa dhamiri haihitaji kurudishiwa ubunge ndani ya siku 90. Ofisi ya Spika iwekewe muda wa kutangaza kiti kuwa wazi, mmoja kwa wote, awe mbunge wa CCM, wa CUF au wa CHADEMA. Na mgombea anapokuja kijijini kuomba kura, wazee na vijana wamtake aseme hadharani, mbele ya mashahidi, atafanya nini siku akikosana na chama chake, na kama atarudi kuwauliza kabla ya kuandika barua.